Kuhesabu Nyota Mchana

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na namna yake ya kukagua nyumba. Mvua zikikatika, mwezi wa tano, alivizia siku ya jua kali, akatutoa wote nje isipokuwa mtoto mmoja, akafunga mlango na kuziba kidirisha kwa gunia. Saa sita mchana. Aliyebaki ndani alikuwa na kazi moja tu: kuhesabu nyota. Kila tundu na kila ufa wa ukuta ulipitisha uzi wa jua, na katika giza lile lenye harufu ya moshi matundu yalimeta kama anga la kiangazi. Mara ya kwanza kutumwa kazi hiyo nilikuwa sijaanza shule. Nilihesabu nikafika thelathini na kitu, nikapotea, nikaanza upya, huku Bibi akinihimiza kutoka nje. Kwa kila nyota nilipenyeza ubua wa nyasi. Ncha ikichungulia upande wake, yeye aliweka alama ya majivu. Tulipomaliza, ukuta ulikuwa na madoadoa kama kanga.

Hiyo ilikuwa Mufindi, miaka ya mwanzo ya Uhuru. Leo naishi Uyole, Mbeya, mwalimu mstaafu, na nyumba yangu ina bati, saruji na madirisha ya vioo. Nasema bila aibu kwamba mwezi wa saba nyumba ya Bibi ilikuwa na joto kuliko yangu.

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba Tanzania kuna baridi ya kuunguza majani ya viazi, atadhani unatia chumvi, mpaka siku basi lake liharibike Makambako saa tisa usiku. Iringa mjini ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini 1,700, Njombe inakaribia 2,000. Ukipanda Kitulo, kule kwenye hifadhi ya taifa ya maua iliyoanzishwa mwaka 2005, unafika mita 2,600, na zipo asubuhi za Juni na Julai ambazo nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda. Mamlaka ya Hali ya Hewa huuita msimu huu kipupwe, Juni hadi Agosti. Upepo wake ni uleule ambao watu wa pwani huuita kusi. Kwao husukuma majahazi kwenda kaskazini. Kwetu hupanda ukingo wa Mufindi ukiwa umebeba unyevu, ukaumwaga kama ukungu na manyunyu juu ya mashamba ya chai wakati sehemu kubwa ya nchi imekauka. Kwa hiyo baridi yetu ina upande. Hutoka kusini-mashariki, na wajenzi wa zamani wa kijijini kwetu walilijua hilo kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza. Mlango haukutazama huko.

Wazungu wa Ulaya huandaa nyumba zao mwezi wa tisa na wa kumi, majani yakipukutika. Sisi dalili yetu ilikuwa mahindi kukauka shambani na ulanzi, pombe ya mianzi, kuanza kuadimika. Mwaka wa nyumba ulikuwa na kazi mbili ambazo hazikuchanganywa. Paa lilishughulikiwa kabla ya Novemba, maana adui wa paa ni mvua, na kufikia hapo nyasi za kuezekea zilikuwa zimeshakomaa, zimekatwa na kukauka. Kuta zilishughulikiwa Mei, maana adui wa kuta ni upepo, na Mei udongo ungali laini na jua limesharudi. Ukiwahi Machi, mvua inaosha ulichokandika. Ukichelewa mpaka Julai, udongo umekuwa jiwe na kijito kimekimbilia bondeni. Ya paa yamesimuliwa sana, nyasi, tembe, bati, kwa sababu paa ilikuwa kazi ya wanaume na huonekana kutoka barabarani. Ya Mei ilikuwa kazi ya wanawake, nami nimezeeka bila kumsikia mtu akiisimulia.

Basi niisimulie mimi.

Udongo ulichotwa kwenye kichuguu, kwa kuwa mchwa wameshausaga na kuutoa mawe. Bibi aliuonja. Kweli aliuonja, kidogo kwenye ncha ya ulimi, kisha akautafuna kwa meno ya mbele. Ukiteleza kama uji, utapasuka ukikauka. Ukikwaruza sana, utapukutika. Ukishampendeza aliuongezea kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwa fupi kama kidole cha mtoto. Mchanganyiko ulilazwa shimoni na maji siku mbili, ukaanza kunuka, ndipo sisi watoto tukaingia kuukanyaga. Maji ya Mei kule Mufindi yanauma mpaka kwenye mfupa. Tulikanyaga tukipiga mayowe na hakuna aliyetuonea huruma.

Ukuta wenyewe ulilowekwa kwanza. Hapa ndipo wasiojua huharibu: udongo mbichi haushiki kwenye ukuta mkavu, hubanduka kama ukoko wa ugali. Bibi alinyunyiza maji kwa tawi la majani, akaukwangua ufa kwa kisu mpaka ukawa mpana kuliko ulivyokuwa, jambo ambalo mimi niliona ni wazimu, kisha akaurushia tonge la udongo kwa nguvu zake zote. Alirusha, hakupaka. Tonge lililopakwa hukaa juu juu; lililorushwa huingia mpaka kwenye fito. Baada ya hapo kiganja, na baada ya kiganja jiwe la mtoni la kulainishia, jeusi, laini kama yai, alilorithi kwa mama mkwe wake. Upande wa kusini-mashariki alikandika mara mbili. Chini, pale ambapo matone ya paa yalikuwa yametafuna ukuta kwa miezi mitano, alijenga upya kibaraza chembamba na kuzibua mtaro.

Tundu moja hakuliziba. Juu kabisa, upande wa magharibi, kati ya ukuta na nyasi, aliacha nafasi ya kupita ngumi. Nilimwonyesha nikidhani amepitiwa.

"Moshi naye ni mgeni," akasema. "Mwachie mlango wake."

Nyumba kubwa haikukandikwa na mtu mmoja. Waliitana kwa mgowe: mwenye nyumba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe na madebe, jioni kazi imekwisha na komoni inanyweka. Wanaume wa kwetu wakisimulia migowe husema ilikuwa ya kulima na kuvuna. Ya kulima ilikuwepo. Lakini migowe niliyokulia mimi ni ya wanawake kumi na wawili waliopaka matope mpaka viwikoni, wakisemana ukweli ambao siku nyingine usingesemeka, kila mmoja na kipande chake cha ukuta, na ole wake ambaye kipande chake kingepasuka kabla ya Agosti.

Si Wahehe wenzetu wote waliolala chini ya nyasi. Upande wa chini, ambako mvua ni haba, Isimani na kuelekea Pawaga, na kwa Wasangu pia, nyumba ya jadi ilikuwa tembe: ndefu, ya pembe nne, imezunguka ua, kuta za miti na udongo, na paa bapa la magogo, fito, nyasi na juu yake udongo mzito. Paa la namna hiyo lingeyeyuka Mufindi msimu mmoja tu. Huko chini lilifaa, tena lilifaa kwa mambo mawili. Karne ya 19 ilikuwa ya vita katika nchi hizi, na paa la udongo haliwaki moto ukilirushia kijinga. Ndiyo sifa wanayoitaja wanahistoria, na inaeleweka, maana hata makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga yalizungushiwa ukuta wa mawe, ule ambao Wajerumani waliupiga mizinga na kuuvunja tarehe 30 Oktoba 1894. Sifa ya pili ni ya usiku. Udongo mzito hukawia kupata moto na hukawia kupoa. Jua la mchana hukaa nalo kama mtu anayedaiwa, ukaanza kulilipa usiku wa manane, wakati baridi ya Iringa inapoanza kung'ata. Mama yangu mdogo aliolewa Isimani kwenye tembe. Alipokuja kutusalimu Juni, alilala na blanketi mbili na kulalamika kwamba tunaishi kwenye kikapu.

Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na akili nyingine. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kwao mwaka 1879, alistaajabia unadhifu wa vijiji vyao vilivyojificha kwenye migomba. Nyumba zilikuwa za mianzi, zimekandikwa kwa ufundi. Miaka ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa nao kwa utafiti, na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 kinaeleza habari za ng'ombe kulala nyumba moja na watu. Nimewahi kuwasomesha wanafunzi wangu jambo hilo, darasa zima likashika pua. Niliwaambia wafikiri kwanza. Ng'ombe ni jiko lisilohitaji kuni, na Rungwe mvua haiishi, kuni hazikauki. Kijana wa kiume aliyezoa samadi alfajiri alikuwa akizoa majivu ya jiko hilo, akaenda kuyamwaga kwenye migomba.

Halafu kuna nyumba za walowezi. Waingereza walipowaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika mwaka 1925, baadhi yao walikuja kulima Mufindi. Na miaka ya 1930 wakaja Waingereza waliovutwa na mpango wa Lord Chesham wa kuwaweka wazungu nyanda hizi, karibu na Sao Hill. Walijenga kama watu wanaongojea theluji. Kuta nene, na sebuleni meko ya ukutani yenye bomba la moshi lililotoboa paa. Babu alifanya kazi za ndani katika nyumba moja ya namna hiyo akiwa kijana. Kila Mei alipandishwa juu ya paa na kamba ndefu iliyofungwa furushi la matawi mabichi katikati, mwenzake akiwa chini kwenye meko ameshika ncha ya pili. Wakalivuta furushi juu na chini ndani ya bomba kama watu wanaokata gogo kwa msumeno, masizi yakimiminika kwenye turubai, mpaka mwenye nyumba aliponyoosha shingo mekoni na kuona duara la anga. Babu alirudi nyumbani mweusi ti. Bibi alimtania maisha yake yote: nyumba ya mzungu unaikandika wewe, ya kwako aikandike nani?

Kinachonifurahisha ni kalenda. Mama wa nyumba ile alikuwa amekua akijua kwamba bomba husafishwa Septemba. Huku aliishi na watu wanaokandika Mei, naye akasafisha Mei.

Ya miti nitaipita haraka, ingawa ndiyo iliyobadilisha sura ya mikoa hii. Mwaka 1949 Waingereza walianzisha kampuni ya miwati Njombe, iliyotaka magome ya kutengenezea ngozi. Baadaye serikali ikaujaza msitu wa Sao Hill misonobari, shamba kubwa la miti kuliko yote nchini. Kwa mwenye nyumba maana yake ilikuwa mkaa wa miwati, nguzo za milingoti, na mbao za kenchi na papi zilizonyooka. Na penye papi zilizonyooka, bati hupigiliwa.

Sisi tulifika kwenye bati kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, familia yetu ilihama mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kuta zilikuwa zimekandikwa Mei, tukahama Julai. Nguzo tulizing'oa tukabeba; ukuta haubebeki. Tulikandika nyumba mpya katikati ya kipupwe, udongo wa kuvunja kwa sururu, maji ya kichwani, na kufikia Agosti ilikuwa na nyota nyingi kuliko mtoto yeyote angeweza kuhesabu. Bibi alizunguka akichomeka matambara kwenye nyufa. Sikumbuki akilalamika. Nakumbuka tu kwamba mwaka ule jiwe lake la kulainishia halikutoka kwenye kapu.

Miaka miwili baadaye Baba aliuza pareto, akanunua bati. Tulisimama nje kulitazama mpaka jua likazama. Mvua ya kwanza ilipopiga hatukusikilizana kwa kelele, na hakuna tone lililoingia; hilo ni lazima nilisifu, kwa sababu niliwahi kulala chini ya nyasi zinazovuja. Lakini ikaja Juni. Usiku mkavu usio na mawingu bati hupoa upesi kuliko hewa yenyewe. Pumzi za watu saba na mvuke wa sufuria zikapanda, zikaligusa, zikageuka maji. Moto wetu ulikuwa bado katikati ya nyumba kama zamani, kwa hiyo maji yale yalichanganyika na masizi, na karibu na alfajiri yakaanza kudondoka, tone moja moja, meusi kama wino. Nilikwenda shule na kola yenye madoa. Nyasi zilikuwa zikinywa mvuke na kuutoa moshi nje taratibu, na masizi yaleyale yalizikinga na wadudu. Bati halinywi kitu. Ndipo moto ukahamishiwa nje, kwenye kijumba cha jikoni, kijiji kizima kikafanya hivyo, na nyumba ya kulala ikabaki bila moto kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu. Mama alishona magunia akayatandaza chini ya papi na kuyapaka chokaa. Dari yetu ya kwanza.

Na Mei ikafa. Hakuna aliyetangaza kifo chake. Watu walidhani bati limemaliza kazi zote mbili, ya mvua na ya upepo. Aliyekuwa bado akikandika alionekana hana uwezo wa kununua saruji.

Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliukemea ulevi huu wa bati na saruji, akawataka wananchi wajenge kwa matofali ya kuchoma na kuezeka vigae. Kwa habari ya joto alikuwa sahihi, naye mwenyewe alitoka kijijini, alijua anachosema. Ila hoja yake haikushinda. Kigae kinataka tanuri, kenchi nene na fundi anayejua. Bati linataka nyundo. Nusu ya ushauri wake tuliifuata: matofali ya kuchoma yamejaa Iringa na Mbeya mpaka kwenye mabanda ya kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha saruji cha Songwe kilipoanza kazi, mlangoni kabisa pa Mbeya, ubishi ukaisha.

Nilipohamia Uyole nilikuta jambo lingine lililonishangaza, na bado linanishangaza. Watu wa baridi wanajenga nyumba za watu wa joto. Madirisha mapana, dari ndefu, matofali ya matundu juu ya milango, baraza limekaa kifua wazi kuelekea upepo. Hiyo ni nyumba ya Tanga na Dar es Salaam, ambako unaubembeleza upepo uingie. Ramani hunakiliwa kwa kuwa ni nzuri kwenye picha, bati la msauzi linapigwa rangi nyekundu, na Julai familia nzima imejifunika mablanketi sebuleni ikitazama televisheni. Sisemi turudi kwenye fito. Nasema fundi wa Mbeya anayeuliza "dirisha futi ngapi?" kabla ya kuuliza upepo unatoka wapi hajui kazi yake.

Baridi isipotolewa na ukuta, watu huitafutia jiko. Miaka kadhaa iliyopita, Juni, jirani zangu, mume na mke na watoto wawili, walitolewa ndani alfajiri wakiwa hawajitambui. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, madirisha yamefungwa, shuka kuukuu limesokomezwa chini ya mlango. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na anayelala ndani yake haamki kuisikia. Walipona wote wanne, wengi hawaponi. Nilisimama mlangoni kwao nikalitazama lile shuka. Walikuwa wameziba vizuri kabisa, vizuri kuliko Bibi. Hawakumwachia mgeni mlango.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma haya Tukuyu, Mafinga, Makete, popote penye kipupwe: jiko la mkaa lilale nje. Joto litafuteni kwenye kuta, dari na milango, na mlitafute Mei.

Mimi nafanya kazi yangu kila mwaka. Fundi aliyenipigia lipu alicheka aliponiona nachanganya udongo wa kichuguu na saruji kidogo kuziba nyufa, akasema siku hizi kuna dawa ya kopo. Dawa ya kopo nimeijaribu. Ilibanduka, maana fundi aliipaka juu ya ukuta mkavu. Mwaka huu, Jumamosi ya pili ya Mei, saa sita mchana, nilifunga mapazia, nikazima taa, nikamwacha mjukuu wangu sebuleni peke yake. Mtoto wa mjini, ilibidi nimweleze ubua wa nyasi ni nini. Alihesabu nyota kumi na moja, tisa kati yake upande wa milima ya Uporoto, ambako ndiko kusini-mashariki yetu. Tumeziba kumi. Ya kumi na moja, juu ya dirisha upande wa magharibi, tumeiacha.